Neno Hili Umelitoa Wapi?

Mtakatifu Luka, kabla ya kuanza Injili yake, anamweleza Teofilo habari zake zimetoka wapi: zimetoka kwao walioona kwa macho tangu mwanzo, naye mwenyewe amezichungua zote kwa bidii (Lk 1, 1-4). Mwinjili hakuona haya kutaja mashahidi wake. Basi sisi tunaoandika kazi za shule, mahubiri na mafundisho, mbona tunawaficha wetu?

Kutaja asili ya neno ni kazi ya haki, nayo inalinda amri mbili. Anayechukua neno la mwingine na kuliandika kama lake, anaiba: ni amri ya saba. Anayemtilia mtu kinywani neno asilolisema, anamshuhudia uwongo: ni amri ya nane. Kosa la kwanza wote wanalijua. La pili linatunasa mara nyingi bila sisi kujua.

Mimi mwenyewe lilininasa. Nilipokuwa frateri, niliandika katika kazi yangu kwamba Mtakatifu Augustino amesema: «Roma imekwisha kusema, shauri limekwisha.» Profesa akaniuliza kwa upole: «Wapi?» Nikajibu: «Wote wanasema hivyo, Padri.» Akanituma kwenye nyumba ya vitabu. Nilitafuta siku mbili, nikafika kwenye Hotuba ya 131, namba 10. Kumbe! Augustino, akihubiri Kartago mwaka 417 juu ya wafuasi wa Pelagio, anasema kwamba mambo ya mikutano miwili ya maaskofu yamepelekwa kwenye Kiti cha Mtume, kwamba majibu yamerudi, na shauri limekwisha. Halafu anatamani upotevu nao uishe. Lakini «Roma imekwisha kusema» haimo. Watu wa nyuma wamefupisha.

Maana haiko mbali, ni kweli. Lakini tazama kilichopotea njiani: maaskofu wa Afrika walioshauriana kwanza, na huruma ya mchungaji kwa waliopotea.

Basi tushike kanuni tatu.

Kwanza, usitaje kitabu usichokifungua. Kama neno la Augustino umelikuta ndani ya kitabu cha mwingine, sema hivyo wazi, na umtaje huyo mwingine.

Pili, onyesha pahali ambapo kila msomaji anaweza kufika. Ukurasa hubadilika kitabu kinapochapwa upya. Bali Hotuba 131, 10 ni ileile Lubumbashi na Roma. Vivyo hivyo kwa Mtakatifu Tomaso utaje sehemu, swali na kifungu. Kwa Biblia, sura na mstari. Kwa Mababa ongeza buku na safu ya Migne: PL 38, 734.

Tatu, maneno yenyewe yatie ndani ya alama. Ukichukua maana tu, acha alama, lakini mwenyewe umtaje vilevile.

Nanyi makatekista, jambo hili ni lenu pia. Ni wangapi wanafundisha kwamba «Jisaidie, Mungu atakusaidia» ni neno la Biblia? Katika vitabu vyote 73 halimo. Siku mkristu atakapoomba sura na mstari, nanyi msiwe nao, atasadiki namna gani yale mengine mliyomfundisha, ambayo ni kweli?

Neno usilojua limetoka wapi, litafute hata siku mbili. Usipoliona, usimtwike mtakatifu.