Anzia Mkiani

Miksa ya kanisa ililetwa Kitengela kwa matatu kutoka Kajiado mjini. Shida yake ilikuwa mvumo, na sauti iliyokwaruza. Fundi alipoifungua, nilionyeshwa transista mbili ndogo bega kwa bega, emita zao zimeungana kwenye rezista moja inayoshuka hadi volti hasi. Hiyo ndiyo jozi, na rezista ile ndiyo mkia wake. Mwingereza Alan Blumlein aliiombea hataza mwaka 1936 akitumia vali; transista haikuwa imezaliwa.

Hesabu yake huanzia mkiani. Umeme ni volti 12 chanya na 12 hasi, besi zote ziko sifuri. Transista ya silikoni hula kama volti 0.65 kati ya besi na emita, hivyo mkia hubakiwa na 11.35. Ukiwa wa kilo-omu 11, hupitisha takriban miliampia 1. Transista haziwezi kuiongeza. Kazi yao ni kugawana tu. Mfugaji wa Isinya anayajua haya kisimani: pampu ni ile ile, birika la kushoto likifunguliwa zaidi, la kulia hukauka. Milivolti 60 tu kati ya besi, na moja inachukua miliampia 0.9.

Zikigawana sawa, kila rezista ya kolekta, kilo-omu 10, hula volti 5, na mita husoma 7. Upinzani wa ndani wa kila emita ni milivolti 25 gawa kwa miliampia 0.5, yaani omu 50. Sauti ya mhubiri, ambayo ni tofauti kati ya nyaya mbili za maikrofoni, hupita emita zote mbili: 10,000 gawa kwa 100, inakuzwa mara 100. Mvumo wa hezi 50 huziingia nyaya zote kwa pamoja, ukagonga mkia, ambao kwa kila upande huhesabiwa mara mbili: 10 gawa kwa 22, hata nusu haufiki.

Kwenye miksa ya kanisa, mita ilisoma 9 upande mmoja, 5 upande wa pili. Zimeliwa 3 na 7, jumla 10: mkia mzima. (Ungekatika, zingesoma 12 zote.) Basi mgawo ndio mbovu. Transista ya pili ilikuwa imeegemea regyuleta ya moto, na kila nyuzi moja ya joto hupunguza milivolti 2 hivi za besi. Fundi akaziinamisha mbali na regyuleta, akazifunga tumbo kwa tumbo kwa uzi. Tukanywa chai. Mita ikasoma 7.1 na 6.9.