Fundi wa Upepo wa Baharini Huandaliwa Mapema

Kamati nyingi hutuuliza kwa nini mafunzo ya ufundi hula fedha muda mrefu kabla ya matunda kuonekana. Tutazame Grimsby, bandari ya Uingereza iliyositawi kwa uvuvi hadi mgogoro na Iceland kuhusu samaki ulipomalizika mwaka 1976. Leo huhudumia mitambo ya kufua umeme kwa upepo. Eneo la Hornsea 1 pekee lina mitambo 174, zaidi ya kilomita 100 kutoka pwani.

Fundi umeme hodari haendi huko kabla ya kupata mafunzo ya usalama: huduma ya kwanza, kuinua mizigo, kukabili moto, kufanya kazi juu na kujinusuru baharini. Cheti hudumu miaka miwili tu. Hayo ni ya siku chache (na si ya mwoga!). Ufundi wenyewe, yaani umeme, mitambo na haidroliki, kijana huujifunza takriban miaka mitatu, darasani na kazini. Anayesubiri minara isimame ndipo afungue karakana ataajiri mafundi wa mbali, na vijana wa bandarini watabaki kutazama. Mvuvi wa zamani anaijua bahari, nayo ni akiba kubwa. Umeme ataanza nao darasani.