Siku 30 za Barua ya Kodi

Mkulima akiona makuti ya mnazi wake yamekatwa kama kwa mkasi, anajua kwamba chonga ameingia, na hangoji mwezi upite. Lakini mkulima huyo huyo akiletewa barua ya kudaiwa kodi huikunja, akaiweka chini ya godoro, akisema, "Nikiuza maembe nitakwenda kuuliza." Maembe yakiuzwa siku zimekwisha, na ndipo anapoambiwa benki kwamba fedha zake haziwezi kutoka.

Makala hii ni kwa wewe mwenye shamba la skimu, Mtwapa, Tezo, Roka, Ngerenya au Magarini. Soma mpaka mwisho, kisha mpe jirani.

Kwanza itazame barua imetoka wapi. Deni la mkopo wa shamba ni la Hazina ya Makazi, na mlango wake ni ofisi ya ardhi na makazi. Ada za ardhi za kaunti huulizwa kaunti. Hapa tunasema juu ya barua ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya, yaani KRA. Wako watu waliozunguka ofisi tatu kwa siku mbili na nauli ikawaishia kwa sababu hawakusoma kichwa cha barua.

Ikiwa ni ya KRA, tafuta tarehe. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inakupa siku 30, tangu ulipojulishwa, za kupinga hesabu iliyofanywa juu yako. Ukipinga kwa njia iliyo sawa ndani ya siku hizo, Kamishna hawezi kuiandikia benki ishike fedha za kodi hiyo unayobishania mpaka jambo lako lisikizwe. Ukinyamaza, hesabu hiyo inakuwa deni kamili hata kama ilikuwa na makosa. Hapo anaweza kuagiza benki, au mtu yeyote mwenye fedha zako, azilipe kwake. Anaweza kumwandikia Msajili wa Ardhi shamba lako liwe dhamana ya deni. Anaweza pia kukamata mali inayohamishika, ikawekwa siku 10, kisha ikapigwa mnada. Mtu aliyengoja hati yake ya shamba miaka mingi ataelewa ukubwa wa jambo hili bila kuelezwa zaidi.

Sasa kuna hila moja ya siku hizi. Barua nyingi haziletwi kwa posta wala kwa chifu. Zinapelekwa kwa anwani ya kompyuta iliyoandikwa siku ulipochukua namba ya PIN. Wengi wetu tulifunguliwa PIN na kijana wa saiba kule mjini, naye akaandika anwani yake mwenyewe kwa kuwa sisi hatukuwa na yetu. Basi barua inakwenda kwake, na huenda alikwisha hama zamani. Nenda Kituo cha Huduma ukiwa na kitambulisho, uulize PIN yako ina anwani ya nani na simu ya nani, na ubadilishe. Siku hiyo hiyo uliza kama una adhabu za kutopeleka taarifa ya mapato. Kila mwenye PIN hai aliye na wajibu huo hupeleka taarifa kabla Juni 30 haijapita, hata kama hakupata kitu, na mtu binafsi akichelewa adhabu yake haipungui shilingi 2,000 kwa mwaka. Miaka sita ya kusahau ni shilingi 12,000, nawe hukuuza hata korosho moja.

Tuchukue mfano. Tuseme wewe ni mweka hazina wa kikundi cha wauza maembe, watu 40. Mnunuzi hataki kulipa watu 40 mmoja mmoja, kwa hiyo fedha zote, shilingi 1,600,000 kwa msimu, zinapita katika akaunti yako, nawe unawagawia wenzako. Fungu lako ni shilingi 40,000 tu. Afisa wa kodi akitazama akaunti haoni watu 40. Anaona mtu mmoja aliyepokea 1,600,000 na hakusema. Huyo afisa hakukuonea, maana karatasi ndiyo iliyosema hivyo, na kwa sheria ya kodi anayepaswa kuthibitisha kwamba hesabu si sawa ni wewe mlipaji.

Utathibitisha kwa nini? Kwa daftari la mikutano lililoandika kwamba wanachama wamekuchagua upokee fedha. Kwa risiti za mnunuzi zenye kilo za kila mkulima. Kwa orodha ya malipo yenye sahihi au alama ya kidole ya kila aliyelipwa, na taarifa ya simu ikionyesha fedha zikitoka kwako siku ile ile. Sheria inataka kumbukumbu ziwekwe miaka mitano. Ziweke ndani ya bati, maana mchwa wa pwani hawajali sheria.

Pingamizi lenyewe huandikwa, wala halisemwi kwa mdomo dirishani. Taja namba ya hesabu unayoipinga na tarehe yake. Sema wazi kosa ni lipi, kiasi gani kibadilishwe, na kwa sababu gani, kisha uambatishe karatasi zako. Kama sehemu ya kodi unaikubali, ilipe au uombe mapatano ya kuilipa, kwa maana bila hivyo pingamizi halikubaliki. Ukilituma kwa kompyuta, usiondoke bila karatasi ya kuthibitisha kwamba limepokewa. Na ikiwa siku 30 zimekupita kwa ugonjwa au sababu nyingine ya haki, usikate tamaa: andika kuomba muda, na utie cheti cha hospitali.

Baada ya kupokea pingamizi lililo sawa Kamishna ana siku 60 za kujibu. Asipojibu katika siku hizo, pingamizi lako huhesabiwa kuwa limekubaliwa, na hii ndiyo faida ya ile karatasi ya mapokezi. Akikataa, unazo siku 30 nyingine za kwenda kwenye Baraza la Rufani za Kodi. Huko ada ya kufungua ni shilingi 20,000 ambazo hazirudi. Kwa hiyo deni likiwa dogo, uliza kwanza habari ya suluhu, ambapo wewe na maofisa mnakaa pamoja mbele ya msuluhishi, bila ada.

Je, wakili? Hapa wengi hupotea. Serikali ina Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria kwa wasio na uwezo, lakini Sheria yake ya mwaka 2016 haihusu mambo ya kodi wala ya kudaiana madeni. Usipoteze juma zima la siku zako 30 huko. Kwa deni dogo, ofisi ya KRA yenyewe hueleza bure, na mwanao aliyesoma anaweza kukuandikia barua. Kwa deni kubwa, kama lile la mweka hazina, kikundi kichangie wakala wa kodi mwenye kibali cha KRA, au wakili wa Malindi au Kilifi mwenye cheti cha kazi cha mwaka huu. Ulizeni bei kabla ya kuanza, na iandikwe. Kama ofisi haikujibu wala haikuelezi, Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman, hupokea malalamiko bila malipo.

Na kama deni ni la kweli? Basi usipinge ili kuchelewesha, kwa maana riba ya asilimia 1 kwa mwezi inaendelea, ingawa sheria hairuhusu izidi kodi yenyewe. Andika kuomba kulipa kwa mafungu. Omba kiasi ambacho nazi na korosho zako zinaweza kutoa hata mwaka wa mvua chache, kwa kuwa ukikosa fungu moja, salio lote linatakiwa mara moja. Usilipe kwa simu ya mtu yeyote, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Kodi hulipwa kwa namba iliyo juu ya karatasi ya malipo ya serikali, na jina linalotokea liwe la serikali.

Siku ya safari ya Malindi au Kilifi chukua barua yenyewe, kitambulisho, PIN, karatasi za miaka mitano na nakala moja ya kila kitu. Toka alfajiri. Na pale juu ya barua andika kwa kalamu siku ya thelathini ni tarehe gani.