Damu ya mjamzito husema kabla ya kifafa cha mimba

Mjamzito anaweza kufika kliniki kwa miguu yake, hana homa wala maumivu, kumbe presha yake ni 160 kwa 110. Asipotibiwa anaweza kuanguka na kutetemeka, na hapo wapo watakaosema amepandwa na mashetani. Hicho ni kifafa cha mimba, na chanzo chake kimo ndani ya mji wa mimba.

Mimba ikiwa changa, mishipa inayolisha kondo la nyuma hutakiwa kupanuka. Isipopanuka vya kutosha, kondo hupungukiwa damu, nalo humwaga kwa wingi katika damu ya mama protini iitwayo sFlt-1. Protini hiyo huinasa nyingine, PlGF, ambayo ndiyo mlinzi wa mishipa ya damu. Mlinzi akipungua, mishipa hujikaza na kuvuja: presha hupanda, figo huachia protini kwenye mkojo, uso na mikono huvimba. Hiyo ni priklampsia, hali inayotangulia kifafa cha mimba. Mwaka 2003 Ananth Karumanchi na wenzake mjini Boston, Marekani, waliongeza sFlt-1 katika panya wenye mimba. Presha ya panya hao ikapanda, na mkojo wao ukawa na protini.

Kutokana na ugunduzi huo, maabara sasa hupima uwiano wa protini hizo mbili. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mjamzito mwenye dalili za kutia shaka, uwiano wake ukiwa 38 au chini, karibu hakika hatapata priklampsia ndani ya wiki moja. Ukizidi 38, waliougua ndani ya wiki nne walikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Kwa hiyo kipimo hiki kina nguvu zaidi katika kumtoa mama hofu kuliko katika kumtabiria maradhi. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2023, kwa wajawazito waliolazwa.

Zahanati zetu nyingi hazina mashine ya kazi hiyo, na itakuwa kosa kubwa kuisubiri. Mashine ya presha na kipimo cha mkojo bado ndivyo vinavyowaokoa wengi. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, mama anahitaji uangalizi wa karibu. Hospitali itapima pia ini, figo na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Chembe hizo zikishuka chini ya 100,000 kwa mikrolita ya damu, hali ni ya hatari. Sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza uwezekano wa degedege kwa takriban nusu, ingawa tiba ya mwisho ni kujifungua.

Mama, usiruke kliniki kwa sababu unajisikia mzima. Na ukiumwa kichwa kikali, ukiona maruweruwe au ukisikia maumivu chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama umeshajifungua. Kifafa cha mimba huweza kumpata mama hata baada ya kujifungua.