Viwango vya Septemba

Asubuhi ya Jumamosi, Septemba 28, 2024, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Mississippi, ambayo mashabiki huiita Ole Miss, ilikuwa imeshinda mechi zote nne ilizocheza. Ilikuwa imevuna pointi 220 na kuruhusu 22 tu. Furman ilichapwa 76-0, Middle Tennessee 52-3, Wake Forest 40-6, Georgia Southern 52-13. Orodha ya shirika la habari la Associated Press iliiweka nafasi ya sita katika Marekani nzima. Siku hiyo ilikuwa nyumbani kwake, mjini Oxford, na mgeni alikuwa Kentucky, timu ambayo wiki tatu nyuma ilifungwa 31-6 na South Carolina mbele ya mashabiki wake. Kentucky ikashinda 20-17.

Kwa msomaji asiyeuzoea: huu ni ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Timu hupewa majaribio manne kusogea yadi 10, yaani mita tisa na ushee. Ukiufikisha mpira eneo la mwisho unapata pointi sita, na nafasi ya kuongeza moja au mbili. Ukiupiga kwa mguu ukapita kati ya nguzo unapata tatu. Kwa hiyo 20-17 ni tofauti ya mkwaju mmoja. Hata hivyo mkwaju huo uliangusha hesabu za wiki nne nzima, na ndiyo sababu nimeanza na mechi hii. Aliyeipandisha Ole Miss alihesabu pointi sawasawa. Ila pointi zenyewe zilivunwa kwa timu ambazo hazikuwa na uwezo wa kumwonyesha chochote.

Lugha yetu ya michezo ina maneno mawili yanayosaidia sana hapa. Tunasema msimamo wa ligi, na tunasema viwango vya FIFA. Msimamo huhesabiwa. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16, kila moja hukutana na kila nyingine nyumbani na ugenini, jumla mechi 240. Siku ya mwisho unasoma jedwali na ubishi unaisha. Viwango ni habari nyingine. Tanzania na Japani hazichezi ligi moja, kwa hiyo FIFA hulazimika kukadiria. Tangu 2018 inatumia kanuni iliyotokana na ile ya Arpad Elo, aliyeibuni kuwapima wachezaji wa sataranji: ukimshinda mkubwa unapanda sana, ukimshinda mdogo unapanda kidogo.

Sasa iangalie Southeastern Conference, kwa kifupi SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani iliyoanzishwa 1932. Nayo ina timu 16, tangu Texas na Oklahoma zilipojiunga mwaka 2024. Mgeni atadhani mambo ni kama ya kwetu. Lakini mchezo huu unaumiza mwili, na timu haiwezi kucheza zaidi ya mara moja kwa wiki. Msimu wa kawaida una mechi 12, na mwaka ule nane tu kati ya hizo zilikuwa za ligi. Piga hesabu: timu 16 zinatoa jozi 120, lakini mechi za ligi zilikuwa 64. Jozi 56 hazikukutana kabisa, hata mara moja. Mechi nne zilizobaki zilichezwa na timu za nje ya ligi, na nyingi kati ya hizo ni vyuo vidogo vinavyolipwa ili vije kucheza ugenini. Furman ni mmoja wa wageni wa namna hiyo, na anatoka daraja la chini.

Kwa maana hiyo, mwishoni mwa Septemba msimamo wa SEC upo kwenye karatasi lakini hausemi kitu, maana timu nyingi huwa zimecheza mechi moja au mbili za ligi. Kinachotangazwa magazetini na kwenye televisheni ni viwango, yaani makadirio. Associated Press imekuwa ikikusanya kura za waandishi kila wiki tangu 1936: siku hizi kila mpiga kura anaandika timu 25, ya kwanza inapata pointi 25, ya mwisho moja. Tangu 1950 inatoa pia orodha kabla hata mpira haujachezwa. Kamati ya watu 13 inayochagua timu za mtoano wa taifa, ambazo tangu 2024 ni 12, haitoi orodha yake ya kwanza mpaka karibu na mwanzo wa Novemba. Naiona kamati hiyo kuwa na busara kwa kusubiri, lakini siwalaumu wanaopanga mapema. Mashabiki wanataka kujua, na makadirio yakifanywa kwa uangalifu yana faida. Tatizo ni namna yanavyofanywa.

Hebu tuyafanye wenyewe. Kuna kanuni nyepesi ya mwanahisabati Mfaransa Laplace, ambayo Wesley Colley, mtaalamu wa fizikia ya nyota, aliitumia kama msingi wa mfumo wake wa kupanga timu za vyuo. Chukua idadi ya ushindi, ongeza moja. Gawanya kwa idadi ya mechi ukiongeza mbili. Timu ambayo haijacheza inapata nusu. Iliyoshinda mechi moja inapata theluthi mbili, wala haipati mia kwa mia, kwa sababu ushindi mmoja hautoshi kumwita mtu asiyeshindika. Ole Miss yenye ushindi nne kwa nne inapata 5/6, yaani 0.83. Baada ya kufungwa na Kentucky inapata 5/7, yaani 0.71. Imeshuka, lakini haijaporomoka. Colley kisha anarekebisha namba hizo kwa kuangalia umekutana na nani, na wao wamekutana na nani, mpaka timu zote zinapimana kwa pamoja.

Nampenda Colley kwa kuwa kila mtu anaweza kukagua hesabu yake kwa kalamu. Lakini mwanzoni mwa msimu simfuati, kwa sababu anaanza kama vile hatujui lolote: timu zote nusu kwa nusu. Mwezi Agosti tunajua mengi. Tunajua timu ilifanya nini miaka iliyopita, nani amehitimu na nani amebaki, kocha ni yule yule au ni mpya, na vijana waliosajiliwa kwa miaka minne walikuwa wa kiwango gani. Kuyatupa hayo ni sawa na daktari kutupa faili la mgonjwa kila anapoingia chumbani.

Njia ninayoiamini ni kuyapa maarifa ya awali uzito wa mechi kadhaa, kisha kuuacha uzito huo upungue wenyewe kadiri mechi halisi zinavyoongezeka. Chukua mfano wa kubuni. Kabla ya msimu tunaamini timu fulani ni bora kuliko timu ya kati kwa pointi 14. Imecheza mechi tatu, na tukizingatia wapinzani wake imeonyesha ubora wa pointi mbili tu. Tuseme imani ya awali ina uzito wa mechi sita. Kumi na nne mara sita ni 84, mbili mara tatu ni sita, jumla 90. Gawanya kwa tisa, unapata 10. Timu imeshuka kutoka 14 hadi 10. Ikiendelea hivyo hivyo mpaka mechi ya tisa, inakuwa 84 jumlisha 18, gawanya kwa 15, sawa na 6.8. Hakuna wiki moja iliyoipindua picha, ila kila wiki imekuwa na sauti. Tofauti ya pointi nayo isomwe kwa tahadhari. Mwenyeji hupata faida ya pointi mbili hadi tatu kwa kucheza kwake, na mpira ukidondoka kutoka mikononi mwa mchezaji, nani atauokota ni karibu sawa na kurusha shilingi. Timu iliyookota mipira mingi katika mechi tatu za kwanza imebahatika, na bahati hiyo haidumu.

Lakini maarifa ya awali yenyewe yanaweza kuwa mabovu, na mwaka huo huo wa 2024 ulitupa mfano wa kufundishia.

Mwezi Julai, waandishi wanaoifuatilia SEC walipiga kura mjini Dallas. Georgia ya kwanza, Texas ya pili, Alabama ya tatu. Ya 16, mkiani kabisa, Vanderbilt. Ilikuwa rahisi kuwaelewa: msimu wa 2023 Vanderbilt ilishinda mechi mbili kati ya 12, na katika ligi haikushinda hata moja. Oktoba 5 Alabama ikaenda Nashville, nyumbani kwa Vanderbilt, ikiwa ya kwanza nchini, wiki moja tu baada ya kuifunga Georgia 41-34. Vanderbilt haikuwa imeifunga Alabama tangu 1984.

Mapema kabisa pasi ya Alabama ikadunda, mlinzi wa Vanderbilt akaidaka akakimbia nayo hadi mwisho, ikawa 13-0. Kilichofuata ndicho kilichonifanya niirudie mechi ile. Vanderbilt haikuwa inabahatisha. Ilishika mpira dakika 42 kati ya 60. Kwenye jaribio la tatu, pale timu nyingi hukwama na kuurudisha mpira, ilifaulu mara 12 kati ya 18. Kwotabeki wake Diego Pavia, yule anayeupokea mpira na kuamua aurushe au akimbie nao, alirusha pasi 20, zikafika 16. Mwisho ilikuwa 40-35. Wanafunzi waling'oa nguzo za uwanja, wakazibeba mitaani, wakazitumbukiza Mto Cumberland.

Wengi waliita muujiza. Mimi naona taarifa zilikuwepo, ila zilikuwa zimeandikwa kwa jina la timu nyingine. Pavia alikuwa New Mexico State mwaka uliotangulia, na Novemba 2023 alikwenda na timu hiyo ndogo hadi Auburn, mwanachama wa SEC, wakaifunga 31-10 uwanjani kwake. Aliyekuwa akipanga mashambulizi ya New Mexico State, Tim Beck, naye akahamia Vanderbilt. Siku hizi wachezaji wa vyuo wanahama bila kulazimika kukaa nje mwaka mzima. Waliopiga kura Julai waliipima jezi ya Vanderbilt, wakati watu waliokuwa ndani ya jezi wameshabadilika. Septemba pia ilitoa ishara: Vanderbilt ilikwenda kwa Missouri, ya saba nchini, ikafungwa 30-27 baada ya nyongeza mbili za muda. Anayehesabu ushindi na vipigo peke yake anaandika kipigo. Anayekadiria ubora anaandika kwamba timu ya mkiani imetoshana nguvu ugenini na timu ya saba.

Je, baada ya 40-35 Vanderbilt iwekwe juu ya Alabama? Kwa kanuni ya Laplace, Alabama yenye ushindi nne na kipigo kimoja inapata 0.71, Vanderbilt yenye tatu na mbili inapata 0.57. Shabiki atakasirika: si wamewafunga? Ni kweli, wamewafunga. Lakini fuata mnyororo huo mpaka mwisho. Vanderbilt iliifunga Alabama, Alabama iliifunga Georgia, na Septemba Vanderbilt yenyewe ilifungwa 36-32 na Georgia State, chuo cha mjini Atlanta ambacho hakimo kabisa katika SEC. Ukisema mshindi lazima awe juu ya aliyeshindwa, Georgia State inakaa juu ya wote. Georgia State ilimaliza msimu na ushindi tatu. Georgia ilichukua ubingwa wa SEC kwa kuifunga Texas 22-19. Mechi moja ni ushahidi mzito, lakini ni ushahidi mmoja.

Ndiyo maana Septemba sipangi timu moja hadi 16. Nazipanga kwa mafungu: zinazoweza kutwaa ubingwa, zinazoweza kumsumbua yeyote, zinazohangaika, na zile ambazo bado hazijakutana na mtu wa kuzipima. Ole Miss ya Septemba 2024, pamoja na pointi zake 220, ningeiacha fungu hilo la mwisho bila kuidharau. Novemba 9 timu hiyo hiyo iliifunga Georgia 28-10, kwa hiyo uwezo ilikuwa nao. Kentucky, iliyoifunga Ole Miss na kupoteza kwa Georgia kwa pointi moja tu, 13-12, ilimaliza na ushindi nne na vipigo nane. Vanderbilt ilimaliza saba kwa sita. Alabama, iliyokuwa ya kwanza nchini asubuhi ya Oktoba 5, haikuingia kwenye timu 12 za mtoano.

Ukikutana na orodha ya namna hii wiki ya tatu au ya nne ya msimu, usianzie juu ambako majina makubwa yanakaa. Tafuta kwanza kila timu imecheza na nani na wapi, kisha uliza wachezaji wake mwaka jana walikuwa wapi. Mpangaji asiyeweza kukujibu hayo mawili hajapanga kitu. Na usitarajie kwamba mwisho wa msimu utafuta kila shaka. Kuanzia 2026 timu za SEC zinacheza mechi tisa za ligi badala ya nane, na hata hivyo, ukiacha fainali, jozi zinazokutana ni 72 kati ya 120. Nyingine 48 zinabaki kukadiriwa.