Rangi ya Gari Kuukuu na Chumvi ya Likoni

Gari likaalo Likoni huzeeka upesi kuliko lile la Nairobi, wala sababu yake si wingi wa safari. Upepo wa bahari huchukua chumvi, nayo hutua juu ya bati usiku na mchana. Tena gari livushwapo kwa feri, magurudumu yake huweza kukanyaga maji ya bahari penye mteremko wa kivuko na kuyarusha chini ya milango. Palipochubuka rangi, hata padogo kama ukucha, kutu huanza, kisha hutambaa chini ya rangi nzima kabla haijaonekana.

Wengi waonapo kutu hununua kopo la rangi nyeupe, wakapaka, kisha wakashangaa kuona kiraka. Lakini nyeupe za viwandani ni nyingi, na kila moja ina namba yake. Katika magari ya Toyota kutoka Japani, ambayo ni mengi sana nchini Kenya, namba hiyo huandikwa kwenye kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, karibu na herufi C/TR. Kwa mfano, 040 ni ile nyeupe iitwayo Super White II. Muuza rangi akipewa namba, huchanganya kwa mizani.

Hata hivyo namba husema rangi ilivyokuwa siku gari lilipotoka kiwandani, nalo jua la Pwani limekwisha kuipausha, hasa nyekundu. Kwa hiyo fundi hodari kwanza husugua kwa polishi sehemu iliyo jirani na kidonda, mpaka rangi ya zamani itokeze. Kisha hupaka kidogo juu ya kipande cha bati, hungoja kikauke, maana rangi mbichi na kavu si moja, ndipo akilinganishe nje mchana, si chini ya taa. Ikipungua, huongeza tone kwa tone. Kazi hii yataka subira, na fundi aikataaye hafai kulipwa.

Kutu sharti iondolewe kwa msasa mpaka bati ling'ae. Yafaa mahali hapo paoshwe kwa maji baridi ya kunywa ili chumvi itoke, pakaushwe vizuri, na praima ipakwe siku ile ile, kwani bati tupu likilala wazi pwani huamka na kutu. Rangi yenyewe ipulizwe nyembamba, mara kadhaa.

Rangi ya fedha yenye chembe za kumeta ni ngumu sana. Chembe hizo hulala kwa namna zinavyopulizwa, hivyo brashi hufaa kwa mkwaruzo mdogo tu. Magari ya zamani sana yana shida yake: kitambaa chenye thina kikipangusa rangi na kuchafuka, rangi mpya yenye nguvu huweza kuikunja ile ya chini.

Liko jambo moja lisilopasa kudharauliwa. Rangi nyingi za siku hizi zinazochanganywa na dawa ya kuzikaza huwa na kemikali ziitwazo aisosayaneti, ambazo zikipulizwa huweza kumtia fundi pumu ya maisha. Kitambaa kilichofungwa puani hakizizuii. Fundi ahitaji kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira, na watoto wapitao njiani wasisimame karibu wakati wa kupuliza.