Chama, Mgao na Ustawi wa Jamii Turkana

Kwa wengi walio ughaibuni, kutaja Turkana ni kutaja ukame, na kutaja kambi ya wakimbizi ya Kakuma ni kutaja mgao wa chakula. Habari hizo si za uongo, ila zinaacha nje uchumi mzima usio wa serikali wala wa tajiri mmoja: vyama vya akiba, ushirika wa wavuvi, vikundi vya wanawake wanaosuka vikapu vya mkoma. Aprili 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuutambua uchumi wa namna hii, uchumi wa kijamii na mshikamano, lakini wafugaji wa Turkana walikuwa nao kabla ya azimio lolote. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha 1955 kuhusu mifugo ya kifamilia, alieleza jinsi mfugaji alivyowapa mifugo wakwe na marafiki walioishi mbali, naye akawa na haki ya kuwaomba siku yake ikifika. Malisho yakikauka upande mmoja, upande wa pili palikuwa na mtu wa kuendewa. Ndiyo maana nashikilia kwamba ustawi wa jamii huko husimama imara pale tu unapojengwa juu ya kile ambacho watu wanakimiliki pamoja na kukiamulia wenyewe.

Ushahidi mkubwa zaidi uko Kalokol, ufukweni mwa Ziwa Turkana. Baada ya ukame wa miaka ya 1960 na 1970 kumaliza mifugo, wafugaji wengi walielekezwa kwenye uvuvi, na chama cha ushirika cha wavuvi kikaundwa. Kisha Norway ikafadhili kiwanda cha kugandisha samaki, kilichokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Gharama ya umeme na maji safi ilizidi thamani ya samaki, ghuba ya Ferguson ikakauka, na mwaka 1990 uhusiano wa Kenya na Norway ukavunjika. Jina la ushirika lilikuwepo, lakini maamuzi makubwa, ya nini kijengwe na kwa gharama gani, yalifanywa mbali na wavuvi. Hapo ndipo kosa lilipo, wala si katika wazo la wafugaji kuvua.

Chama cha akiba ni kidogo mno kikilinganishwa na kiwanda, lakini kina kile ambacho kiwanda kilikosa: wenye fedha ndio wanaoamua. Wanachama hununua hisa, hukopeshana, na mara nyingi hutenga mfuko wa kando wa ugonjwa na msiba. Mfuko huo wa kando ndio unaomgusa afisa wa maendeleo ya jamii wa Lodwar, ambaye idara yake huandikisha vikundi hivi, hata vile vya mbali kama vya Kaaleng, kaskazini. Kikundi kinachokutana mara kwa mara hugundua mapema kwamba mwenzao hajaonekana, mtoto wake ameacha shule au nyumbani hapakaliki. Afisa mmoja, katika kaunti kubwa namna ile, hawezi kujua hayo bila wao.

Pingamizi la kwanza kwa hoja hii ni zito: ukame humpata kila mwanachama siku moja, sanduku la akiba likaisha kwa wiki chache. Ni kweli, na ndiyo sababu fedha za kutoka nje bado zinahitajika. Mpango wa HSNP wa kukabili njaa, ulioanzishwa 2008 kwa maeneo ambayo sasa ni kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, huzilipa familia maskini fedha taslimu moja kwa moja. Mwenye fedha hizo anaweza kununua hisa, asiye nazo hubaki nje ya chama. Hilo lajibu pia pingamizi la pili, kwamba vyama huwaacha maskini kabisa. Huwaacha, naam, na kuwafungulia mlango ni kazi ya afisa wa jamii, maana kikundi chenyewe humwogopa asiyeweza kulipa.

Pingamizi la tatu, kwamba sifa za kujitegemea hugeuzwa sababu ya kukata msaada, ndilo linaloniuma. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) uliotolewa 2018 ulikadiria kwamba Kakuma, kambi na mji, ilikuwa na biashara zaidi ya 2,000 na matumizi ya shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka. Takwimu hizo ziliwapa wakimbizi heshima waliyostahili. Lakini mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, wakimbizi waligawanywa katika makundi, na waliohesabiwa kuwa wanajitegemea wakaondolewa kwenye mgao, maandamano yakafuata. Duka la Kakuma huuza kwa majirani wanaokula mgao. Mgao ukikatwa, duka hupoteza wateja, deni la daftarini halilipwi, na chama cha mwenye duka hukosa hisa zake. Anayetaka kujua kama familia inajitegemea asihesabu mali yake peke yake. Aangalie pia wateja wake wanaishi kwa nini, na kikundi chake kimelipa misiba mingapi mwaka huo.